Mawasiliano Yakatikapo, Tuanze Kutafuta Karibu

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa chelezoni Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, iliposhambuliwa na Waingereza wa meli Gwendolen. Nahodha wake hakujua kwamba vita vimeanza. Habari zilikuwa hazijamfikia.

Siku hizi habari hufika kwa nukta chache, ila hukatika. Mwalimu anaandikisha watahiniwa, mganga anatuma taarifa za dawa. Ghafla mtandao unatoweka, dakika moja baadaye unarudi, na kazi ya asubuhi nzima imepotea. Lawama huangukia mnara au upepo wa ziwani. Lakini, ndugu msomaji, aghalabu kosa limo mezani.

Katika kompyuta nyingi za mezani, adapta ya mtandao, yaani kifaa kinachopokea waya, imejengwa ndani ya bodi kuu. Hilo hupunguza gharama, ila ikidhoofika haichomoleki.

Andika amri ya ping pamoja na anwani ya ruta, uiache iendelee. Mtandao ukikatika ilhali ruta yaendelea kujibu, adapta haina hatia. Hapo mnara na wulaumiwe. Ruta nayo ikinyamaza, badili waya, kisha tundu la ruta. Tatizo likibaki, unganisha kompyuta nyingine kwa waya uleule. Hiyo ikidumu bila kukatika, mshukiwa ni adapta ya ile ya kwanza.

Hata hivyo usikimbilie dukani. Adapta nyingi husinzia ili kuokoa umeme, kwa utaratibu uliowekwa katika kiwango cha 802.3az cha mwaka 2010. Pande mbili za waya zisipoelewana namna ya kuamka, muungano huanguka. Zima usinziaji huo katika mipangilio ya adapta, kisha weka draiva iliyotolewa na mtengenezaji wa bodi. Mara nyingi tiba huishia hapo, bila kutumia hata senti.

Radi ni jambo jingine. Waya ulionyoshwa hewani kutoka jengo hadi jengo hupokea mshtuko wa umeme hata radi ipigapo mbali kidogo, na adapta iliyojeruhiwa huweza kufanya kazi nusunusu kwa miezi. Hiyo haitibiki kwa draiva. Izime katika mipangilio ya kuwashia kompyuta, uchomeke adapta ndogo ya nje kwenye tundu la USB. Na mawingu yakitanda juu ya ziwa, chomoa waya.