Utitiri wa masikio: acheni mafuta ya taa

"Daktari, ni matone mangapi?" Swali huja hivyo hivyo, kwenye simu au getini, bila mtu kutaja matone ya nini. Muulizaji anaona hilo tulishakubaliana zamani: mafuta ya taa. Paka wake mdogo anajikuna masikio, anatikisa kichwa usiku kucha, ndani mmejaa uchafu mweusi. Bibi kasema mafuta ya taa, fundi wa pikipiki kasema oili chafu, na daktari kabakiziwa kazi ya kutaja idadi. Jibu langu ni hata tone moja usitie, na kwa kuwa nimechoka kulirudia kwa mdomo, leo naliandika.

Kwanza hakikisha ni utitiri kweli. Mdudu huyu, ambaye wataalamu humwita Otodectes cynotis, hafiki urefu wa nusu milimita. Hachimbi ngozi, anatembea juu yake ndani ya tundu la sikio, akila magamba na majimaji. Ngozi ikikerwa hutoa nta nyingi, nta ikachanganyika na damu kidogo na kinyesi cha wadudu, ndipo unapoona uchafu mkavu, mweusi, mithili ya masimbi ya kahawa. Pukuta kidogo juu ya karatasi nyeusi, isogeze kwenye mwanga, tazama kwa kioo cha kukuzia. Vidoa vyeupe vinavyotembea ndio wenyewe. Usipoviona, usijipe uhakika kwamba hawapo. Mimi hutumia hadubini na bado wakati mwingine hurudia kipimo. Uchafu wa njano au kahawia wenye unyevu na harufu mbaya unakuambia kuna bakteria au fangasi, ama peke yao ama wamekuja juu ya utitiri. Na magamba mazito ya kijivu yanayoanzia ncha za masikio kushuka usoni ni upele wa paka, ugonjwa wa mdudu mwingine anayechimba ngozi, na huyo atakuwasha hata wewe mwenyewe ukimpakata paka.

Wanaosema ni mwasho tu, utapita, wamfikirie Robert Lopez, daktari wa mifugo wa jimbo la New York. Alitoa utitiri kwenye sikio la paka akawatia kwenye sikio lake mwenyewe, akarudia jaribio hilo, na mwaka 1993 akaandika aliyoyapata katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani. Aliwasikia wakikwaruza na kutembea ndani, na usiku walizidi hata usingizi ukawa taabu. Mwaka uliofuata akapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kabla hazijafikirisha. Nami nilicheka. Ila huyo alikuwa mtu mzima aliyejua kinachomtembelea sikioni, tena akiweza kuwaosha wakati wowote. Paka wa wiki 7 hana hiari hiyo.

Sasa mafuta ya taa. Sibishi kwamba yanaua utitiri yanaowafikia. Mafuta karibu yoyote yakimfunika mdudu wa namna hii yanamziba pumzi, na haya yana sumu ya ziada. Ndiyo maana imani yenyewe haifi: Jumatatu mtu anatia, Jumatano paka haendi tena mguu juu, Ijumaa mtaa mzima una habari. Lakini utitiri jike hutaga mayai yake na kuyagandisha kwenye ngozi, na kuwaua wakubwa hakuyaondoi mayai. Yai huanguliwa kwa siku 4 hivi, na kutoka yai mpaka mdudu mzima wa kutaga tena ni kama wiki 3. Isitoshe, paka hutikisa kichwa papo hapo, nusu ya mafuta ikaishia ukutani. Kwa hiyo wiki ya tatu mwasho unarudi. Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu mwenye paka hasemi dawa imeshindwa. Anasema, "Kapata tena," kisha anatia tena, kwa imani kubwa zaidi ya mara ya kwanza. Dawa isiyoponya imehesabiwa kuwa imeponya mara mbili.

Hata kule kutulia kwa paka siku zile za mwanzo mtu asikutumie kama ushahidi. Mafuta ya taa huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuiunguza, na ngozi ya tundu la sikio ni laini kuliko ya mkono wako. Sikio lililoungua linauma likiguswa, na paka mwenye akili hagusi panapouma. Ngoma ya sikio ikiwa imeshatoboka, jambo ambalo huwezi kulijua kwa kuchungulia na tochi ya simu, mafuta yanapita hadi ndani, kwenye viungo vinavyomwezesha kusikia na kusimama bila kuyumba. Nimeletewa watoto wa paka wanaozunguka duara wasijue sakafu iko wapi, na mwenyewe ananiambia utitiri "wamepanda ubongoni." Utitiri hawapandi ubongoni, bwana. Umewatilia mafuta.

Kisha kuna ulimi. Paka hujisafisha kwa kulowesha mguu wa mbele na kufuta nyuma ya sikio, halafu analamba ule mguu. Mafuta ya taa ni mepesi mno. Yakipaliwa kidogo tu huingia mapafuni na kuleta nimonia isiyotokana na kijidudu chochote. Kama umeshatia, na najua wengine mnasoma huku mmeshatia, usimpe maziwa wala usimtapishe, maana kutapika ndiko kunakoyapeleka mapafuni. Osha manyoya kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo bila kumwaga maji sikioni, mfunge taulo asijilambe, umlete siku hiyo hiyo. Akihema kwa shida, usingoje hata kumwosha.

"Mbona bibi alitumia na paka wake walipona?" Bibi alikuwa na paka wengi, na waliokufa walisemekana wameng'atwa na nyoka au wamehama. Halafu paka wengi wakishakua huishi na utitiri wachache bila kuonyesha dalili. Akiacha kujikuna kwa umri, sifa inakwenda kwenye kibatari. Oili chafu ya pikipiki sitaipotezea aya. Ni mafuta yenye mabaki ya injini, na kila nilichokisema hapo juu kinaihusu.

Kwa bibi nakubali jambo moja. Mafuta ya nazi au ya kula, yaliyo safi na ya vuguvugu, matone mawili matatu, yanalainisha uchafu usafishike, ilimradi sikio halina jeraha wala usaha na paka hainamishi kichwa upande. Yakiwa ndiyo dawa pekee, ungelazimika kuyatia kila siku zaidi ya wiki 3 bila kuruka, na sijakutana na familia iliyofanya hivyo.

Jirani wa mafuta ya taa ni dawa ya josho, ile ya kupe wa ng'ombe. Yenye amitrazi humshusha paka mapigo ya moyo na joto la mwili. Yenye saipamethrini, pamoja na matone ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini, humtia mitetemeko na degedege, kwa sababu ini la paka halivunji sumu hizo kama la mbwa. Matone ya binadamu ya jentamaisini nayo hayaui utitiri hata mmoja, na ngoma ikiwa imetoboka yanaweza kumwondolea usikivu.

Zinazofaa ni hizi. Matone ya selamektini, yanayowekwa kwenye ngozi ya shingo nyuma ambako hawezi kulamba, si sikioni. Kuanzia wiki 6 au 8 kulingana na lebo, urudie baada ya mwezi. Moksidektini yenye imidaklopridi ni kuanzia wiki 9. Pima uzito kwanza, mizani ya jikoni inatosha. Kama watoto bado wadogo kuliko hapo, mtibu mama kwa selamektini, hata akiwa ananyonyesha, na safisha masikio ya watoto kwa mafuta niliyotaja. Tumia pamba kufuta kinachoonekana tu. Vijiti vya masikio vinasukuma uchafu ndani. Usaha ukiwapo unahitaji dawa yake.

Sindano ya ivamektini inasaidia, lakini iwe mkononi mwa daktari. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 inaandikwa mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Kwa kiwango hicho hicho, paka wa gramu 500 anastahili mililita 0.01, yaani mstari mmoja wa bomba la insulini la mistari 100. Anayempiga "nusu tu" ya mililita amempa mara 50, na atamkuta kapofuka au kazimia.

Njoo haraka, bila kungoja mwisho wa mwezi, ukiona kichwa kimeinama upande mmoja, macho yanachezacheza, au jani la sikio limevimba kama mto. Huko ni kuvuja kwa damu ndani kutokana na kujikuna.

Na tibu wote wa nyumba siku moja, paka na mbwa, hata wasiojikuna, kwa dawa iliyoandikwa kwa ajili ya kila mmoja. Fua matandiko wanayolalia, kwani utitiri huweza kuishi siku kadhaa nje ya sikio. Paka wa jirani anayepitia dirishani kula dagaa wenu naye yumo kwenye hesabu, kwa hiyo ongeeni mgawane bei ya dawa.