Je, Wajua? Piza ya Napoli

Je, wajua kwamba mgeni anayezuru Napoli, Italia, hahitaji kuacha vivutio vya mji ili apate piza nzuri? Mji mkongwe, uliotangazwa Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1995, bado unafuata mistari ya barabara za Wagiriki wa kale. Mojawapo, Via dei Tribunali, imejaa mikahawa ya piza. Karibu na hapo ipo Cappella Sansevero, yenye sanamu ya Kristo aliyefunikwa shela, shela lenyewe likiwa marumaru. Ni kazi ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753. Ukitoka humo, njaa yako haitatembea mbali.

Je, wajua kuwa Port'Alba, unaotajwa kuwa mkahawa wa piza mkongwe kuliko yote duniani, ulianza mwaka 1738 kwa kuwapikia wachuuzi wa mitaani? Wateja walianza kuwekewa meza mwaka 1830.

Utautambuaje mkahawa mzuri? Tazama tanuri kabla ya kutazama bei. Piza ya Napoli hupikwa kwa kuni, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, na huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Ndiyo maana ukingo huvimba na kupata madoa meusi, huku katikati pakibaki laini, hata majimaji kidogo. Wageni wengi hudhani haijaiva. Imeiva! Tazama pia orodha ya vyakula: ikiwa fupi, ni dalili njema. Da Michele, ulioanza mwaka 1870, ulijenga jina lake kwa aina mbili tu, marinara na margherita. Unachukua namba mlangoni, unasubiri barabarani pamoja na wenyeji.

Je, wajua kuwa marinara, ingawa jina lake linahusishwa na mabaharia, haina samaki wala jibini? Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Mimi ningemshauri kila mgeni aanze na hiyo, kwa sababu haina pa kuficha unga mbaya wala nyanya mbovu.

Margherita nayo husimuliwa kuwa ilipikwa na mpishi Raffaele Esposito mwaka 1889 kwa ajili ya Malkia Margherita wa Italia, ikiwa na rangi za bendera ya Italia. Wanahistoria kadhaa wanaitilia shaka hadithi hiyo.

Kwa msomaji Mwislamu: kinyunya cha piza ya Napoli, kwa kanuni za wenyewe, ni unga, maji, chumvi na hamira. Hakitiwi mafuta ya aina yoyote. Lakini prosciutto na salame kwa kawaida ni nguruwe, na piza ya kukaanga mara nyingi hujazwa nyama hiyohiyo, kwa hiyo uliza kwanza.

Na hiyo piza ya kukaanga ina historia ya kugusa moyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulikuwa magofu, jibini na kuni vilikuwa adimu. Wanawake wakaweka karai la mafuta mbele ya nyumba zao, wakakaanga, wakauza kwa mkopo: kula leo, lipa baada ya siku nane. Sophia Loren aliigiza muuzaji wa namna hiyo katika filamu L'oro di Napoli ya mwaka 1954.

Je, wajua kuwa mwaka 2017 UNESCO iliutambua ufundi wa wapishi wa piza wa Napoli kuwa urithi wa utamaduni usioshikika?

Usipokuwa na muda wa kukaa mezani, agiza ile inayokunjwa ikawa tabaka nne na kufungwa kwa karatasi. Bill Clinton, akiwa Rais wa Marekani, alikula ya namna hiyo mwaka 1994 katika mkahawa wa Di Matteo, kwenye Via dei Tribunali hiyohiyo. Inama mbele kidogo unapoing'ata, maana mafuta huchuruzika.