CHUKI NI KAMA KIDUHA: ING'OLEWE MAPEMA

Na Bwana Shamba, Kibakwe

Ndugu msomaji, wewe unayelima mtama na mahindi unakijua kiduha. Ni gugu dogo lenye maua ya kupendeza. Lakini kabla halijachomoza juu ya ardhi, mizizi yake imekwisha kushika mizizi ya mtama wako na kuunyonya. Unapoliona, hasara imekwisha kuingia. Ukiliacha likomae, shina moja hutoa mbegu maelfu. Mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja upande tena.

Chuki baina ya watu iko hivyo hivyo. Huanza chini, mahali pasipoonekana. Huanza kwa neno la dharau ambalo mtoto amelisikia kwa mkubwa. "Watu wa kabila fulani ni wavivu." "Watu wa dini fulani si wa kuaminiwa." Neno hilo hukaa moyoni miaka mingi. Siku ya ugomvi likipata mvua, huota.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya dawa moja ya gugu hili. Dawa hiyo ni masomo ya watoto wetu shuleni. Tuone yanafundisha nini, na sisi wazazi tunayasaidia au tunayaharibu.

SHULE INAWEZA KUPANDA CHUKI

Tusidhani kwamba kila shule huleta upendo. Shule ni kama shamba. Huota kile kilichopandwa.

Wakati wa utawala wa Waingereza, shule za nchi yetu zilitengwa kwa rangi. Zilikuwapo shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika. Mfano uko karibu nasi, hapo Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga. Hapo Kongwa wakaanzisha na shule ya bweni, lakini ilikuwa ya watoto wa Kizungu tu. Mtoto wa Kigogo aliyezaliwa hapo hapo Kongwa hakuweza kuingia. Baadaye shule hiyo ilihamishiwa Iringa.

Hapakuhitajika kitabu cha kumwambia mtoto kwamba watu wana madaraja. Majengo yenyewe yalimfundisha. Mtoto wa Kizungu alijifunza kuwa yeye ni wa juu. Mtoto wa Kiafrika alijifunza kuwa yeye ni wa chini. Wote wawili walifundishwa uongo.

Jirani zetu wa Rwanda waliona mabaya zaidi. Kwa miaka mingi kitambulisho cha mtu kilionyesha kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Hata darasani walimu waliwasimamisha watoto kwa makabila yao ili wahesabiwe. Fikiri, ndugu msomaji. Mtoto mdogo anasimama, wenzake wanamtazama, naye hajui amekosa nini. Mwaka 1994, kwa muda wa siku kama 100, watu zaidi ya 800,000 waliuawa. Wengi wao walikuwa Watutsi. Watu wengi sana walikimbilia kwetu Ngara. Mauaji hayo yalikuwa na sababu nyingi. Lakini mbegu moja ilikuwa ni kule kumzoesha mtoto kumwona mwenzake kama kabila kabla ya kumwona kama mtu.

TULIVYOBADILISHA MPANGO

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kuanzia Januari 1962 mpango wa shule kwa rangi ulifutwa. Ukawa mpango mmoja wa elimu kwa watoto wote.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwafundishe vijana usawa na kushirikiana, tena wawe watu wa kuuliza na kufikiri. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali. Mtoto wa Kigogo na mtoto wa Kihehe wakasoma kwa lugha moja, wala hakuna aliyekuwa mgeni.

Mwaka 1969 ikaja Sheria ya Elimu. Shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali ziliwekwa chini ya Serikali. Mtoto Mwislamu na mtoto Mkristo wakakaa dawati moja.

Matunda yake tunayaona. Yale majengo ya Iringa, ilikohamia shule ya Wazungu ya Kongwa, leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Kijana wa Kibakwe akifaulu anaweza kusoma pale, na akatoka akiwa mwalimu.

MTAALA NI NINI?

Huenda umelisikia neno mtaala. Mtaala ni mpango wa Serikali unaosema mtoto wa darasa fulani ajue nini na aweze kufanya nini. Ni kama maelekezo ya kilimo bora. Yanakuambia upande lini, uache nafasi gani, upalilie lini. Mwalimu hafundishi anachotaka tu. Anafuata mtaala uliotayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Katika mtaala wa shule ya msingi wa miaka ya 2010 liliwekwa somo la Uraia na Maadili. Somo hilo lilikuwa na nguzo sita. Mtoto ajifunze kuiheshimu jamii, kuithamini jamii, kuwajibika, kustahimili, kuwa mwadilifu na kudumisha amani. Mwaka 2023 ulitoka mtaala mpya, nao ukaanza kutumika katika baadhi ya madarasa Januari 2024. Ndani yake kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Majina ya masomo hubadilika. Lakini shabaha ni moja. Haitoshi mtoto aandike neno "amani" ubaoni. Anatakiwa aionyeshe kwa vitendo. Acheze na wote. Asikilize mwenzake. Akisikia neno baya juu ya watu, aulize: Je, ni kweli? Sababu yake ni nini?

Maswali hayo mawili ndiyo jembe la kung'olea kiduha. Hebu tulijaribu jembe hili katika mambo matatu.

JAMBO LA KWANZA: "WAGOGO NI OMBAOMBA"

Mtoto wetu akienda mjini, au akienda kusoma mkoa mwingine, hukutana na neno hili. Wapo wanaolisema kwa kucheka. Lakini mtoto anayeambiwa hivyo kila siku hainui uso wake.

Je, ni kweli? Kweli ni kwamba baadhi ya watu kutoka mkoa wetu wameonekana wakiomba barabarani mijini. Je, sababu ni nini? Hapo ndipo historia inapotusaidia. Sehemu kubwa ya nchi ya Wagogo hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, na mara nyingine hukatika kabla mtama haujakomaa. Tena wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka za watu. Yalichukua na wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosa. Ikaja njaa kubwa iitwayo Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa, katika watu wapatao 150,000.

Basi, huo ni uvivu? Mvivu gani anaweza kupata mtama na karanga katika nchi kama hii, na kufuga juu yake? Anayeijua historia hii hawezi tena kuwacheka watu kwa sababu waliwahi kuwa na njaa.

Wengine watasema, "Ni utani tu." Utani wa makabila ni mila nzuri, wala shule haiukatazi. Lakini utani una mizani yake. Mtani wako hukucheka, nawe unamcheka, na siku ya msiba yeye ndiye wa kwanza kufika. Anayekucheka wala hafiki msibani si mtani. Huyo anakudharau.

JAMBO LA PILI: WATU WENYE UALBINO

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilipata aibu kubwa. Watu wenye ualbino, hata watoto, waliuawa na kukatwa viungo. Wauaji walidanganywa na waganga kwamba viungo hivyo huleta utajiri.

Je, ni kweli? Si kweli hata kidogo. Je, sababu ya ualbino ni nini? Somo la baiolojia linaeleza. Ni jambo la urithi. Mtoto huzaliwa hivyo anapopata asili ya ualbino kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa, wala wasijue kwamba wanayo asili hiyo. Ni kama mtoto anavyozaliwa na sura ya babu ambayo baba yake hakuipata. Si laana. Mama hana kosa.

Kijana aliyefundishwa haya hadanganywi na mganga. Naye mwalimu aliyefundishwa haya anajua la kufanya. Mtoto mwenye ualbino huona kwa shida, basi amkalishe mbele karibu na ubao. Jua humuunguza, basi avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu.

JAMBO LA TATU: MKULIMA NA MFUGAJI

Hili linatugusa sisi wa Kibakwe. Ni rahisi kuwalaumu wanaotudharau. Je, sisi wenyewe tunasemaje juu ya wafugaji wanaopita na mifugo yao?

Ng'ombe wakiingia shambani, tunasema, "Wamasai wametumaliza." Ng'ombe akikatwa panga, mfugaji naye anasema, "Wakulima ni wauaji." Angalia neno hili linavyofanya kazi. Kosa ni la mtu mmoja, nasi tunalitwika kabila zima.

Jirani zetu wa Kilosa waliona mwisho wa maneno hayo. Mwezi Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Mtoto mchanga alimlishia nani mahindi?

Ndugu msomaji, likamate neno hili moja hata ukisahau mengine yote: KOSA NI LA MTU, SI LA KABILA. Ng'ombe wa mtu wakila mahindi yako, mtaje mtu huyo kwa jina. Mwite afisa mtendaji wa kijiji na bwana shamba mapema, waone na kupima hasara kabla mashina hayajanyauka. Mtu mmoja anaweza kuitwa mbele ya baraza akalipa. Kabila zima haliwezi kuitwa barazani. Anayelishtaki kabila hapati fidia. Anapata vita.

DARASA LA PILI LIKO NYUMBANI

Mwalimu anakaa na mtoto mchana. Jioni mtoto anakaa nasi motoni. Mwalimu akisema, "Heshimu watu wote," na baba akisema, "Usicheze na watoto wa wale," mtoto amfuate nani? Atamfuata baba. Hapo tumepanda mtama mchana na kumwaga mbegu za kiduha usiku.

Basi tufanye haya:

1. Soma daftari la mtoto wako. Wewe sasa unajua kusoma. Mwambie akusomee alichojifunza juu ya maadili na historia, kisha mzungumze.

2. Mtoto akileta neno la dharau nyumbani, usicheke. Muulize: Umelisikia wapi? Je, ni kweli? Sababu yake ni nini?

3. Katika mkutano wa wazazi usiulize habari za michango tu. Uliza pia kama kuna watoto wanaochekwa kwa kabila, dini, ulemavu au umaskini. Kamati ya shule ina kazi ya kulisimamia hilo.

4. Ukisikia mwalimu naye akitumia maneno ya dharau, mwone mwalimu mkuu kwa adabu. Mtaala haumpi ruhusa hiyo.

5. Wazee, wasimulieni watoto historia ya kweli. Wasimulieni habari za njaa, na pia za majirani wa makabila mengine waliotusaidia chakula.

Mkulima hodari hangoji kiduha kitoe maua. Hupita shambani mapema na kung'oa. Mwaka unaofuata hupita tena, maana anajua bado mbegu zimo udongoni. Tusichoke.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni maneno gani ya dharau juu ya watu wengine yanayosemwa kijijini kwetu? Je, ni kweli? Sababu yake ni nini?

2. Utani na dharau vinatofautianaje?

3. Kwa nini ni vema kumtaja mtu aliyekosa, badala ya kulitaja kabila lake?

4. Wiki hii mtoto wako alifundishwa nini shuleni juu ya kuishi na watu? Nenda ukamuulize.