Mtambo Useme Kweli kwa Msimamizi Wake

Kila tusikiapo khabari ya ajali ya mtambo mkubwa, ikiwa ni ndege, meli au kiwanda, neno la mwanzo huwa ni lile lile: kosa ni la mwendeshaji. Alisinzia, alisahau, alibonyeza pasipo pake. Yawezekana. Lakini watu waliozichunguza ajali hizo kwa miaka mingi wameona ya kuwa mara nyingi mwendeshaji alifanya lile ambalo taa na vipimo vya mbele yake vilimwambia afanye. Katika toleo hili twataka kulieleza jambo hilo, maana latuhusu sisi wakulima kuliko tunavyodhani. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba wavuka bahari kwa waya kutoka Tanga, na umeme wowote wa namna hiyo una watu wanaokesha mbele ya vipimo. Meli na ndege tunazopanda nazo zina vipimo vyake. Hata mashine za kukaushia mazao siku hizi huja na vitufe na taa zake.

AMRI NA KHABARI

Chumba cha kuongozea mitambo ni mahali ambapo mtu husimamia kitu asichokiona kwa macho. Maji yamo ndani ya mabomba ya chuma, na moto umo ndani ya tanuri lenye kuta nene. Msimamizi ana ubao tu mbele yake, wenye taa, mishale ya vipimo na kengele, na siku hizi vioo vya kompyuta. Ubao ule ndio macho yake na masikio yake. Ukimwambia uwongo, ni shida kwake kuijua kweli.

Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa sana jambo hili. Karafuu zimeanikwa majamvini, wingu limefunga, nawe uko mbali shambani. Wamtuma kijana akimbie akazianue. Tangu hapo wajua jambo moja tu, nalo ni kwamba amri imetoka. Kama karafuu zimeanuliwa au bado, hujui mpaka uende ukayaone majamvi matupu, au aje mtu aliyeyaona. Anayelala usingizi kwa sababu tu amekwisha tuma mtu, aweza kuamka akakuta mpeta. Amri ni kitu kimoja na khabari ni kitu kingine. Ubao wa mtambo ukizichanganya hizo mbili, hatari imekwisha ingia.

ALFAJIRI YA PENNSYLVANIA

Mfano ujulikanao sana ni wa Marekani. Karibu na mji wa Harrisburg, katika jimbo la Pennsylvania, pana kisiwa cha mtoni kiitwacho Three Mile Island, ambapo palijengwa kituo cha umeme wa nyuklia. Katika mtambo wa namna hiyo hapana budi maji yazunguke ndani ya tanuri wakati wote ili kulipoza. Hata likizimwa, joto linalobaki ni kubwa, na likikosa maji laweza kuyeyuka lenyewe.

Tarehe 28 Machi, 1979, yapata saa 10 za alfajiri, pampu za maji za mtambo wa pili zilisimama. Nguvu ya mvuke ikapanda, na vali ya juu ikafunguka yenyewe kuitoa, kama kifuniko cha sufuria kinavyoinuka. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Tanuri likajizima katika muda wa sekunde chache, nguvu ikashuka, na vali ikapelekewa amri ya kujifunga. Haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji ya kupozea tanuri yakaanza kutoka kwa njia hiyo.

Ubaoni palikuwa na taa ya vali ile. Ilipozimika, wasimamizi walifahamu kuwa vali imefungwa. Kumbe taa haikuunganishwa na vali yenyewe. Ilionyesha tu kwamba umeme wa kuiweka wazi umekatwa, yaani amri imetoka. Kipimo cha tangi lililokuwa likiyapokea maji yale kingaliweza kuwafumbua macho, lakini kiliwekwa nyuma ya ubao, mahali ambapo hawakuweza kukiona pale waliposimama. Taa moja ya vali nyingine muhimu ilikuwa imefunikwa na kikaratasi cha mafundi. Kengele zaidi ya 100 zililia katika dakika chache za mwanzo, kubwa na ndogo pamoja. Mashine iliyokuwa ikichapa khabari hizo ilizidiwa, hata ikafika kuchelewa zaidi ya saa 2 nyuma ya mambo yenyewe.

Kipimo kingine kilionyesha kuwa maji yanapanda katika chombo cha juu. Kwa mafunzo waliyopewa, wasimamizi walidhani maji yamezidi, wakayapunguza maji ya akiba ambayo mtambo ulikuwa ukijitilia wenyewe. Hivyo tanuri lenye kiu likanyimwa maji na watu waliokuwa wakitaka kuliokoa. Vali ilibaki wazi kwa muda wa saa 2 na dakika 20 na zaidi, mpaka mtu wa zamu nyingine alipofika akayatazama mambo upya, na vali ya akiba ikafungwa. Mwishowe karibu nusu ya kiini cha tanuri iliyeyuka. Hakufa mtu siku ile, lakini kazi ya kusafisha iliendelea mpaka mwaka 1993, na gharama yake ilikuwa kiasi cha dola bilioni 1.

Tume iliyowekwa na Rais Carter chini ya John Kemeny ilitoa taarifa yake mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Iliyataja makosa ya wasimamizi, lakini ilisema pia kuwa mafunzo yao, maagizo waliyoandikiwa na ubao wenyewe vilikuwa na kasoro. Na liko jambo jingine la kusikitisha. Mwezi wa Septemba, 1977, vali ya kazi ile ile ilikwama wazi katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, na wasimamizi wa huko nao waliyapunguza maji, kisha wakagundua baada ya dakika 20 hivi. Khabari ile haikuwafikia wenzao wa Pennsylvania kwa namna ya kuwafaa. Sisi tulio katika chama twaelewa hasara ya mwenzio kuona ugonjwa shambani mwake asikuambie.

KENGELE ZIKIWA NYINGI

Mtu aweza kudhani kuwa dawa ni kuongeza kengele. Tarehe 24 Julai, 1994, katika kiwanda cha kusafishia mafuta huko Milford Haven, Wales, mambo yaliharibika baada ya dhoruba ya radi. Vali moja ilikuwa imefungwa, hali mtambo ulionyesha kuwa i wazi. Wasimamizi walipambana kwa saa kadhaa wasiione sababu. Katika dakika 11 za mwisho, watu wawili waliletewa kengele 275, yaani kengele moja kila sekunde 2 au 3. Hapana binadamu awezaye kuzisikiliza zote, kuzipima na kuzitendea kazi. Kiwanda kikalipuka, watu 26 wakaumia. Ilikuwa Jumapili, watu kiwandani walikuwa wachache.

Kengele ni kama mtu aitaye "moto!" Akiita kila mara kwa kila moshi wa jikoni, siku nyumba iwakapo hapana atakayeinuka. Kwa ajili hiyo mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 1999 washauri kuwa katika kazi ya kawaida msimamizi mmoja asiletewe kengele zaidi ya moja kwa kila dakika 10, na kila kengele iwe na jambo la kufanya. Isiyo na la kufanya si kengele, ni kelele.

MKONO NAO UNA MACHO

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na ndege aina ya B-17. Marubani wake walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ingali ardhini, ikaanguka kwa tumbo. Mwaka 1943 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Alphonse Chapanis, alikwenda kutazama. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabapa ya mabawa zimekaa ubavu kwa ubavu, na zafanana. Rubani aliyechoka alitaka kukunja mabapa, akakunja magurudumu. Chapanis aliwekea moja kigurudumu kidogo cha mpira, na nyingine kipande kama kabari, ili mkono utambue hata gizani. Makosa yale yakakoma. Mpaka leo kishikio cha magurudumu katika ndege kina umbo la gurudumu.

Somo lile lilisahauliwa baharini. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti, 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain ilikuwa ikikaribia Mlango wa Bahari wa Singapore, penye vyombo vingi. Nahodha alimwona baharia wa usukani amezidiwa na kazi, akaamuru kazi ya kuongoza mwendo wa mashine apewe baharia wa pili. Kazi hiyo ilihamishwa kwa kugusa kioo, na usukani nao ukahamia kule bila ya wao kujua. Baharia wa kwanza akasema kuwa usukani umepotea. Haukupotea, ulikuwa kwa mwenziwe aliyekaa karibu. Juu ya hayo, mashine ya kushoto na ya kulia hazikuwa zimeunganishwa kiooni, na mwendo ulipopunguzwa, ulipungua upande mmoja tu. Manowari ikageuka kushoto, ikaingia katika njia ya meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 walikufa. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani lilitangaza kuwa litarudisha vishikio vya mkono vya mwendo katika manowari za aina ile.

MITAMBO IJIENDESHAYO

Wengine husema, basi tumwondoe mtu kabisa, mtambo ujiendeshe. Mwaka 1983 mtaalamu wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, alieleza taabu iliyomo katika fikira hiyo. Mtambo hupewa kazi zilizo rahisi, na mtu huachiwa zile ambazo mtambo haukuziweza, yaani zilizo ngumu. Huachiwa ghafula, baada ya kukaa miezi bila ya kufanya kitu, na mkono wake umekwisha sahau. Ni sawa na kumweka mchumaji chini ya mkarafuu miaka mitano, kisha kumwamuru apande tawi la juu kabisa siku ya upepo.

Kwa hiyo mtambo ujiendeshao wahitaji ubao mzuri kuliko ule wa mkono. Hapana budi uonyeshe wazi ni nani ashikaye usukani sasa hivi, mtu au mashine. Useme unafanya nini, kwa sababu gani, na unakusudia kufanya nini baadaye. Ukiona kazi yaelekea kuushinda, umwambie mtu mapema, wakati angali na nafasi ya kufikiri. Na mtu mwenyewe apewe mazoezi mara kwa mara katika chumba cha mfano, ambamo hitilafu huletwa makusudi na kosa halimdhuru mtu.

MAFUNDI WEMA HUANZA WAPI

Mafundi walio hodari katika kazi hii huanza na mtu. Kabla ya kuchora ubao huenda wakakaa na wasimamizi, mchana na zamu ya usiku, wakaandika mtu anataka kujua nini, wakati gani, na aanze kutazama wapi mambo yakiharibika. Kisha hutengeneza ubao wa mfano, wakawapa wasimamizi wale wale waujaribu katika shida za kubuni, na kila wanapojikwaa hubadili ubao. Vipimo vya kazi moja huwekwa pamoja. Rangi kali huwekwa akiba kwa jambo la hatari, wala rangi haiachwi kuwa alama peke yake, kwani wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Basi wanachama wetu, mtu akikuleteeni mashine yenye vitufe na taa, ikiwa ya kukaushia karafuu au ya kuvutia maji, msiangalie bei na mng'ao wake tu. Muulizeni haya. Kwanza, taa hii yaonyesha kuwa feni linazunguka, au yaonyesha tu kuwa limeamriwa kuzunguka? Pili, kengele ikilia, yule atakayekuwa zamu usiku atajua la kufanya kwa lugha aisomayo? Tatu, kitufe cha kuzimia chaweza kutambulika gizani, na kwa mkono wenye vumbi? Nne, umeme ukikatika kisha ukarudi, mashine itasema imesimamia wapi? Tano, mashine ikishindwa, mtu aweza kuendelea kwa mkono? Na mjaribishaji wa kwanza awe yule kijana atakayeitumia, si mwenye mali wala mwuzaji.

Muuzaji mwema hatachukia maswali hayo. Akichukia, afadhali mkae na majamvi yenu na macho yenu mpaka aje mwingine.