Mgahawa wa pizza uliobaki mtaani kwake

MWAKA 1909 kijana wa Kiitalia mwenye umri wa miaka 16, Frank Pepe, aliondoka Maiori, mji mdogo wa pwani kusini mwa Italia, akaenda Marekani kutafuta riziki. Alifikia New Haven, jimbo la Connecticut. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirudi kuipigania nchi yake, na mwaka 1920 akarejea New Haven, safari hii akiwa na mke, Filomena.

Mtaa wao, Wooster Square, ulijaa Waitalia waliofanya kazi viwandani. Mwaka 1925 mume na mke walifungua mgahawa katika barabara ya Wooster. Waliuza pizza ya nyanya, jibini ya kukuna, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, iliyookwa katika tanuri ya makaa ya mawe. Wenyeji huiita "apizza", kwa lafudhi ya Napoli.

Mwanzoni Frank alikuwa mpangaji. Katika miaka ya 1930 aliweza kununua jengo kubwa zaidi la jirani, akahamia humo. Baadaye familia ililinunua hata lile jengo la kwanza. Naomba msomaji aikumbuke hatua hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mtaa ulianza kuchakaa. Wakati huo meya wa New Haven, Richard Lee, alikuwa na mpango mkubwa wa kuujenga mji upya. Mtaa mwingine wa watu wa kipato cha chini, Oak Street, ulibomolewa ili kupisha barabara, na wakazi wake wakatawanyika. Wooster Square nao ulikuwa hatarini kukatwa na barabara kuu. Wakazi walipinga, na barabara ikasogezwa pembeni. Hata hivyo hawakupona wote, kwani nyumba nyingi zilizokuwa katika njia mpya zilivunjwa. Lakini zile zinazoizunguka bustani ya mtaa zilikarabatiwa badala ya kubomolewa. Mwaka 1971 eneo hilo liliandikishwa kuwa la kihistoria, na mwaka 1973 ikapandwa michere 72, ambayo kila majira ya kuchipua huwavuta watu kuja kutazama maua yake.

Muda wote huo tanuri ya Pepe iliendelea kuwaka. Mabinti wawili, Elizabeth na Serafina, waliwapokea wazazi wao kazi, kisha wakaja wajukuu. Mwaka 2006 tawi la kwanza lilifunguliwa mjini Fairfield, na leo matawi yapo katika majimbo kadhaa. Lakini mgahawa wa Wooster haujahama.

Kwa nini nayaandika haya? Mimi ni Mrundi niliyesomea uhamishoni, katika kambi za mkoa wa Kigoma, Tanzania. Niliporudi Bujumbura niliikuta mitaa kama Kamenge, iliyoharibiwa vibaya katika vita vilivyoanza mwaka 1993, ikijijenga upya tofali kwa tofali. Wa kwanza kurudi hawakuwa matajiri. Walikuwa wauza maandazi, mafundi cherehani na vinyozi. Hao ndio waliofanya watu wengine waamini kwamba mtaa unakalika tena.

Lakini mtaa ukishachangamka, kodi hupanda. Aliyeuchangamsha, kama ni mpangaji, huwa wa kwanza kufungasha virago. Pizza ya Pepe ni tamu, sawa, lakini utamu peke yake haumzuii mwenye nyumba kumtoa mpangaji. Familia ile ilibaki kwa sababu ilikuwa na hati ya jengo, na kwa sababu majirani walisimama pamoja mapema, kabla matingatinga hayajafika.

Kwa hiyo wanaopanga miji yetu wasituonyeshe ramani za barabara na maghorofa tu. Watuonyeshe pia mama wa maandazi atakuwa wapi baada ya miaka 10, na kama mlango wa kibanda chake utakuwa mali yake.