Anza na Majina, Mashine Baadaye

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Exchange Server 2016 na 2019, ofisi zinazoendesha barua pepe zao wenyewe zimebaki na uamuzi ambao hauahirishiki. Kwa kawaida jambo la kwanza kuulizwa ni bei ya seva mpya, na hapo ndipo mipango mingi huanza kuharibika: fedha zote zinatengwa kwa ajili ya mashine, kisha fundi anapewa wikiendi moja ahamishe kila kitu. Ninashikilia kwamba mashine ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachohamishwa hasa ni majina: majina ya watumishi ndani ya kikoa cha ofisi, anwani zao, na rekodi za DNS zinazoiambia dunia barua zao zipelekwe wapi.

Chukua hofu ya barua kupotea seva ikizimwa. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe, unaitaka seva ya mtumaji iwe na subira. Waraka wa RFC 5321 wa mwaka 2008 unasema iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo seva iliyozimwa saa chache huchelewesha barua tu. Hatari kubwa iko kwa seva iliyowashwa kabla ya kuwajua watu wake. Ikiletewa barua ya mtumishi ambaye hajaorodheshwa, inajibu kwa msimbo wa 550, kwamba mtu huyo hayupo, na mtumaji harudii tena. Mteja anaamini mhusika ameacha kazi. Ndiyo maana orodha kamili ya anwani, zikiwemo za vikundi na zile za waliostaafu ambazo barua zake huelekezwa kwa warithi wao wa ofisi, inastahili siku nyingi za kazi kuliko uchaguzi wa mashine.

Orodha hiyo hukaa kwenye Active Directory, saraka ya kikoa cha ofisi, na hili ndilo linaloweka mpangilio wa hatua: kikoa kwanza, barua pepe baadaye. Exchange mpya inaposimikwa hubadilisha muundo wenyewe wa saraka hiyo, na badiliko hilo halifutiki kwa kubofya kitufe. Kurudi nyuma ni kurejesha saraka nzima kutoka kwenye nakala rudufu. Seva za kikoa zikiwa hazisomani vizuri, ugonjwa huo utasambaa hadi kwenye barua pepe. Ziponywe kwanza, nakala ichukuliwe na ijaribiwe kwa kurejeshwa kweli mahali pa pembeni, ndipo hatua inayofuata ianze.

Rekodi za nje nazo zina muda wake. Rekodi ya MX, inayotaja seva ya kupokea barua zako, ikiwa na uhai wa sekunde 86,400 inaweza kukumbukwa na seva za wengine kwa siku nzima baada ya wewe kuibadilisha. Uhai huo upunguzwe hadi sekunde 300 siku mbili kabla, na zamu ya seva itakamilika kwa dakika badala ya siku. SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, iijue mashine mpya kabla haijatuma barua hata moja. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti ya uthibitisho wa mtumaji, na barua isiyotimiza masharti inaweza kuishia kwenye taka au kukataliwa.

Wapo watakaosema mashine ya zamani bado inafanya kazi. Seva za Exchange zilizovamiwa mwaka 2021 nazo zilikuwa zinafanya kazi. Microsoft ilitoa viraka vya dharura tarehe 2 Machi, wavamizi wakiwa wameshaanza kuingia, na mwezi uliofuata ikabidi FBI ipate kibali cha mahakama kuondoa milango ya siri kwenye mamia ya kompyuta nchini Marekani. Tatizo kama hilo likizuka leo kwenye toleo lisilo na msaada, huenda kiraka kisije kabisa.

Wengine watauliza kwa nini tusihamie kwenye wingu tuachane na seva. Kwa ofisi ndogo hilo mara nyingi ni jibu sahihi, ila halifuti kazi ya majina. MX, SPF na orodha ya anwani bado ni mzigo wako. Kisha piga hesabu: masanduku 60 ya gigabaiti 10 kila moja, kupitia laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, yatachukua takriban saa 67 bila kukatika. Na kwa kuwa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, mwanasheria aitwe mapema.

Ukibaki na seva zako, ya zamani na mpya ziende sambamba kwa wiki kadhaa. Kumbukumbu za ile ya zamani zisomwe kila siku, maana zitafichua skana au mfumo wa mishahara ambao bado unatuma kupitia kwake. Zikinyamaza, Exchange ya zamani iondolewe kwa programu yake yenyewe. Ikichomolewa tu, Active Directory itaendelea kuiorodhesha, na kompyuta za watumishi zinaweza kuendelea kuelekezwa kwenye mashine isiyokuwepo.