Karafuu Zetu Zilitutia Aibu Mwanhuzi

Kila mmoja wetu anaijua karafuu tangu ikiwa tumba juu ya mti mpaka inapopimwa kituoni. Twajua kuchuma, twajua kuchambua, twajua kuanika na kuanua mvua inapotishia. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuifuata karafuu mpaka jikoni kwa mtu wa mbali anayeitia chunguni? Sisi hatukuwahi kufanya hivyo mpaka Idi el Fitri ya mwaka 2024, na tuliyoyaona yametufundisha jambo ambalo twaona si haki kulificha.

Tulikuwa wawili. Binti wa mwanachama mwenzetu mmoja ni mwalimu huko Mwanhuzi, na baba yake, ambaye miguu haimruhusu tena safari ndefu, alituomba twende tukamtazame na kula naye Idi. Kwa wasioijua, Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu, katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Tulivuka bahari kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi hadi Shinyanga, na kutoka hapo tukashika njia ya Kolandoto na Lalago. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mnazi hauoni, wala mkarafuu hauoni. Kwa mtu wa kisiwani, upeo wa macho ule bila bahari wataka kuzoewa.

Futari ya Mayu

Tulifika zikiwa zimesalia siku mbili za Ramadhani. "Karibuni ami zangu," alisema mwalimu, na kabla hatujakaa vizuri akatuambia kuwa futari ya siku hiyo inatoka kwa jirani. Jirani huyo ni mama wa Kisukuma, mtu mzima, ambaye mtaa mzima humwita Mayu, yaani mama. Yeye si Muislamu, lakini kila Ramadhani humletea mwalimu chakula jioni moja moja, kama vile mwalimu naye anavyompelekea sahani siku ya Krismasi.

Alileta bakuli la michembe iliyopikwa kwa tui la karanga. Sisi tumezoea viazi vitamu vya futari kwa tui la nazi, tukadhani hapana futari nyingine inayoweza kushindana nayo. Basi tulikula, tukaongeza, na bakuli likarudi tupu. Hatukuona haya kusema kwamba tulitamani zaidi.

Kesho yake tulimwendea Mayu kumshukuru na kumwuliza habari ya michembe yake. Alitusomesha bila kuchoka. Viazi vikishavunwa, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani juu ya mawe au juu ya chanja mpaka vikauke vikavu. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa, na hivyo watoto huvitafuna kama peremende. Majani ya kunde nayo huchemshwa na kukaushwa, yakaitwa nsansa, yakangoja miezi ya ukame ambapo mboga mbichi haipatikani. Hupikwa kwa karanga zilizotwangwa, ikaliwa na ugali wa mtama.

Kisha akatuonyesha samli yake. Maziwa hugandishwa katika kibuyu, husukwa mpaka siagi ijitenge, na siagi huchemshwa polepole mpaka maji yote yaishe na samli ibaki safi. Tulimwuliza ni kitu gani anachotia ili isiharibike. Akatutazama kwa mshangao. "Hakitiwi kitu," akasema. "Ukiacha maji ndani itaharibika. Ukiyaondoa yote, itakaa."

Ndugu Wanachama, maneno hayo mafupi ni elimu yetu sisi wenyewe. Karafuu nayo haitiwi dawa ya kuihifadhi. Ikikauka barabara kwenye majamvi, hukaa. Ikifungwa na unyevu ndani, huvunda na kupauka, na mizani ya kituoni haina huruma nayo. Tukajiona tumekutana na mtu wa kazi yetu, ijapokuwa hajapata kuuona mkarafuu maisha yake.

Siku ya Idi

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, mwalimu alipika pilau ya nyama, na Mayu na wanawe walialikwa. Mchele ulikuwa mzuri, nyama ilikuwa ya ng'ombe wa huko huko, na rangi ya pilau ilikuwa kama inavyotakiwa. Tukala. Mayu alikula kwa adabu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, pilau yako ni nzuri. Lakini mimi nilidhani kwenu ndiko karafuu zinakotoka. Mbona sizisikii?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Sisi tuliangalia sahani zetu, maana na sisi tulikuwa hatuzisikii. Pilau ile ilikuwa na chumvi, ina rangi, ina harufu fulani ya mbali ya bizari, basi. Harufu ya karafuu, ile ambayo msimu ukiwa umekolea mtu huisikia barabarani kabla hajaviona vijiji vyetu, haikuwamo.

Tuliomba kuona viungo vilivyotumika. Ilikuwa ni pakiti ndogo ya unga, ya kununua dukani. Hatutaitaja jina, kwani ziko nyingi za namna hiyo. Tulivaa miwani tukasoma yaliyoandikwa nyuma. Yafaa kila mwanachama ajue kuwa katika maandishi hayo, kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilichomo kwa wingi, na cha mwisho ndicho kilichomo kidogo kabisa. Kilichotajwa kwanza kilikuwa chumvi. Wa pili, wanga. Ikafuata bizari, ikafuata rangi, na karafuu ikawa karibu na mwisho, kama mgeni aliyechelewa karamuni.

Tulikuwa na karafuu nzima kidogo mkobani. Kabla mwanachama yeyote hajatutilia shaka, twasema mapema kuwa tulizinunua dukani Darajani, katika pakiti ya kawaida ya wasafiri. Sote twaijua sheria ya karafuu, na jarida hili halitamfundisha mtu magendo. Siku ya pili ya Idi mwalimu alipika tena, chungu kidogo, kwa wali wa kilo moja. Alichukua karafuu nane, iliki nane, vijiti viwili vya mdalasini, vijiko viwili vya chai vya bizari nzima na kimoja cha pilipili manga. Nusu alizitia nzima katika samli ya Mayu pamoja na vitunguu, na nusu alizitwanga kinuni wakati ule ule. Rangi hakutia. Rangi ya pilau ni kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva vizuri, hapana zaidi.

Mayu hakuhitaji kualikwa mara ya pili. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akauliza: "Leo mmepika nini?" Na alipoonja alisema neno moja tu la Kisukuma, "Wabeja," yaani ahsante.

Kwa nini unga hauna ladha

Sababu yake wanachama wanaijua, ila hatuifikirii tukiwa dukani. Nguvu ya karafuu iko katika mafuta yake, na mafuta hayo ni mepesi kuruka. Yakiwa ndani ya karafuu nzima yamehifadhika. Karafuu ikisagwa, yaanza kuondoka siku ile ile, na pakiti iliyokaa miezi rafuni ni kama chupa ya uturi iliyoachwa wazi.

Lakini liko la pili, nalo linauma zaidi. Karafuu nzima haiwezi kusema uongo, unga waweza. Katika biashara ya viungo duniani inajulikana tangu zamani kuwa wako wasagao makonyo wakayachanganya na karafuu, na wako wasagao karafuu ambazo mafuta yake yalikwisha kukamuliwa. Hebu fikirini: wake zetu na watoto wetu hukaa usiku kuchambua, makonyo huku na karafuu huku, na makonyo yakapelekwa kutolewa mafuta kama ipasavyo. Kisha mtu mwingine, mbali huko, ayarudishe pamoja kwa kinu cha moto na kuyaita karafuu!

Anunuaye karafuu nzima ana njia mbili nyepesi za kuzipima. Aibonyeze kwa ukucha. Ikiwa njema, mafuta yatachomoza. Au aitie katika bilauri ya maji. Njema huzama au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokamuliwa hulala ubavu juu ya maji. Mwalimu aliwaonyesha watoto wa Mayu jambo hili, wakacheza nalo jioni nzima.

Tuliyoyakuta nyumbani

Kama habari ingeishia hapo, tungeweza kuwacheka wenye pakiti. Lakini tuliporudi kisiwani, kila mmoja wetu aliingia jikoni kwake mwenyewe na kufungua kabati. Mmoja alikuta pakiti tatu za unga wa viungo na sanduku la vile vidonge vya mchuzi. Mwingine alikuta zaidi. Na nje ya nyumba hiyo hiyo upo mkarafuu uliopandwa na babu! Watoto wetu walikuwa wakila ubuyu uliotiwa rangi mpaka ndimi zao nyekundu, ilhali huko Mwanhuzi tuliwaona wenzao wakimumunya ubuyu ule ule mweupe kama ulivyotoka kwenye buyu.

Hatusemi kwamba kila kitokacho kiwandani ni kibaya, wala kwamba kila kipikwacho nyumbani ni salama. Maziwa mabichi yasiyochemshwa yaweza kuleta maradhi, nyumbani au penginepo. Mwaka 2016 watu kadhaa walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu iliyokuwamo katika mahindi ya chakula chao wenyewe. Chakula cha nyumbani chataka uangalifu: kikaushwe juu ya kitu safi, kisiguse udongo, kisifungwe kikiwa na unyevu. Mambo haya mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa na mtu.

Tunalosema ni hili. Chumvi iliyojazwa katika pakiti na vidonge huingia mwilini bila mpishi kuipima. Shirika la Afya Duniani lamshauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ni rahisi kupita kiasi hicho ikiwa chumvi imo katika viungo, imo katika kidonge, na mpishi anaongeza yake. Anayetwanga viungo vyake hujua alichotia.

Na liko la biashara. Wazee miongoni mwetu wanakumbuka jinsi bei ilivyoanguka miaka ya 1980, pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilipopanda mikarafuu ya kuitosha. Mnunuzi wa namna hiyo akijitosheleza hutuaga. Lakini mama wa Mwanhuzi hawezi kupanda mkarafuu katika nchi kavu ile. Atatuhitaji daima, maadamu anajua ladha ya karafuu. Siku atakapoamini kuwa ule unga ndio karafuu, hatatuhitaji tena, wala hatujui kama tumempoteza.

Basi twatoa shauri. Kwanza, kila nyumba ya mwanachama irudishe kinu jikoni, na viungo vikae vizima katika chupa yenye kifuniko, mbali na jua. Pili, watoto wafundishwe kuitambua karafuu njema kwa ukucha na kwa maji, kabla ya kufundishwa bei yake. Tatu, sikukuu ijayo vileja na kaimati zipikwe nyumbani. Vileja ni unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki. Hapana katika hivyo kitu kisichojulikana jina. Nne, aliye na jamaa bara, akienda kumtazama, amchukulie karafuu nzima za dukani kwa kiasi kinachoruhusiwa, na amwonyeshe jinsi ya kuzitumia.

Mayu alitufungia michembe katika kitambaa, na chupa ya samli. Michembe tumeipika kwa tui la nazi, na samli imekwenda katika vileja. Baba wa mwalimu alipoonja kileja cha kwanza aliuliza samli hiyo imetoka wapi. Tulipomweleza, alitaka kujua nasi tumempelekea nini yule mama. Tukamwambia: karafuu nzima, na ameahidi kuzipima kwa maji kabla ya kuzipika.

Mzee akacheka, akasema tulifanya vizuri, na akachukua kileja cha pili.